Kituo kilichomhudumia baba yangu hadi akasahau kufunga vifungo: uzi kuhusu ubora wa malezi katika nyumba za uuguzi na utengamao

Mwana wa Mwisho (mleta uzi)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Kila tunapozungumzia nyumba za uuguzi na utengamao (yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujihudumia), mazungumzo huangukia kwenye uchafu, harufu na wazee waliotelekezwa. Kituo ninachotaka kukieleza hakikuwa na lolote kati ya hayo. Baba alihamishiwa huko kutoka hospitalini siku ya 11 baada ya kupata kiharusi kilichodhoofisha mkono na mguu wake wa kulia, na sisi watoto wake tulikipenda kituo kile tangu siku ya kwanza: sakafu iling'aa, shuka zilibadilishwa kila asubuhi, na saa za kutembelea wagonjwa zilipofika tulimkuta amekwisha kunyolewa, amevaa shati safi, ameketishwa karibu na dirisha. Tulimwambia kila aliyetuuliza kwamba mzee yuko mahali pazuri.

Wiki ya 6 nilifika mapema kuliko kawaida, kabla ya saa moja asubuhi, kwa sababu nilikuwa na safari na sikutaka kuondoka bila kumuaga. Nilimkuta mhudumu akimvalisha. Kazi nzima ilichukua kama dakika mbili. Alimwinua, akapitisha mkono dhaifu, akapitisha mkono mzima, akafunga vifungo vyote huku akimsimulia habari za mvua iliyonyesha usiku, kisha akampapasa begani na kwenda chumba cha pili. Alikuwa mpole kwelikweli. Ila muda wote huo mkono wa kushoto wa baba, ule usio na kasoro yoyote, ulikuwa umelala pajani kama kitu alichoachiwa akishike. Mzee huyuhuyu, siku alipotoka hospitalini, alikuwa akijifunga vifungo viwili vya juu kwa mkono huohuo. Nikafungua kifungo kimoja, nikamwomba akifunge. Akakitazama, akanitazama, akasema: "Watakuja."

Safari niliiahirisha. Nilikaa naye siku nzima nikihesabu mambo ambayo mzee alifanya mwenyewe tangu alfajiri hadi taa zilipozimwa, na nikapata matatu: alimeza dawa alizowekewa kinywani, alibonyeza kengele mara moja, na aligeuza kichwa nilipomwita. Kijiko alishikiwa. Maji alinyweshwa. Kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu alibebwa na watu wawili, ingawa karatasi ya hospitali iliyokuwa ndani ya faili lake ilisema wazi kwamba anaweza kusimama akishikwa na mtu mmoja. Saa ya mazoezi ilikuwapo, mara tatu kwa wiki, na mtaalamu alikuwa hodari. Lakini alipoondoka, kila alichokifundisha kilibaki chumba cha mazoezi pamoja na vyuma vyake.

Nami nisijitoe katika lawama hizi. Kila Jumapili nilikuwa nikimlisha kwa mkono wangu na kujiona mwana mwema.

Hoja yangu ni kwamba tunapima vituo hivi kwa kipimo kisicho chake. Tunauliza kama mgonjwa anahudumiwa vizuri, na jibu likiwa ndiyo tunarudi nyumbani tumeridhika, ilhali mtu aliyepelekwa kwa ajili ya utengamao hakupelekwa ili ahudumiwe tu. Alipelekwa ili mahitaji yake ya kuhudumiwa yapungue. Misuli isiyotumika hupungua upesi, na kwa mzee hupungua upesi zaidi, kiasi kwamba siku chache za kulala tu zinaweza kumwondolea nguvu zitakazomchukua wiki kadhaa kuzirudisha. Kwa hiyo mhudumu anayemvalisha mgonjwa kwa dakika mbili, kila siku, kwa upendo, anaweza kuwa anamnyang'anya uwezo bila yeye mwenyewe kujua, na hakuna chati itakayoonyesha kosa lolote, maana kwenye chati imeandikwa kwamba mgonjwa amevaa.

Tulimhamisha. Kituo cha pili majengo yake yalikuwa ya zamani na bustani yake ndogo, na dada yangu alinung'unika sana tulipofika. Lakini siku ile ile ya kupokelewa, mtaalamu aliketi na baba kwa karibu saa nzima na kipimo kinachoitwa Barthel, ambacho kilichapishwa mwaka 1965 na bado kinatumika sehemu nyingi duniani kwa sababu kinauliza mambo ya kawaida kabisa: kula, kuoga, kujisafi uso na meno, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kwenda mwendo na kupanda ngazi. Mambo kumi, alama 100. Baba alipata 35. Hatukuwahi kuambiwa tarakimu yoyote katika wiki zote za kituo cha kwanza. Tulikuwa tukiambiwa tu kwamba "anaendelea vizuri".

Kisha wakamuuliza yeye, si sisi, anataka kuanza na lipi. Akasema choo. Lengo likaandikwa kwa herufi kubwa ukutani mbele ya kitanda chake: ndani ya siku 14 atahama kutoka kitandani hadi kitini akisaidiwa na mtu mmoja. Kila aliyeingia chumbani, hata wa kufagia, aliliona.

Asubuhi iliyofuata nilishuhudia kitu ambacho sijakisahau. Mhudumu alimwekea baba shati mapajani, mgongo wa shati ukiwa juu, akamkumbusha kwamba mkono dhaifu ndio unaotangulia wakati wa kuvaa na ndio unaokuwa wa mwisho wakati wa kuvua. Halafu akarudi nyuma hatua moja, akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo, vidole vimeshikana, akasubiri. Baba alihangaika, alikosea tundu, alitukana kidogo, akaanza upya. Dakika 22. Mara mbili niliona mabega ya yule mhudumu yakisogea mbele kama mtu anayetaka kusaidia, na mara zote mbili alijizuia. Nilipomuuliza baadaye kama hana wagonjwa wengine, alinijibu kwamba anao, na kwamba ratiba yake imepangwa kwa kuhesabu dakika hizo za kusubiri.

Wenzangu, nyinyi mmeona nini? Hasa mliofanya kazi ndani ya vituo hivi, naomba mseme.

Zamu ya Usiku

Ndugu mleta uzi, mimi ni muuguzi, na miaka mingi nimefanya kazi usiku. Nakubaliana nawe, lakini ile sentensi ya mwisho ya yule mhudumu ndiyo iliyobeba uzi wote, nawe umeipita haraka. Ratiba iliyohesabu dakika za kusubiri ni ratiba yenye watu wa kutosha. Nimewahi kufanya zamu ambayo tulikuwa wawili kwa wakazi 34. Usiku wa namna hiyo huwezi kuweka mikono nyuma ya mgongo. Mtu akikwambia anataka kwenda msalani unamwambia ajisaidie kwenye nepi aliyovaa, utakuja kumbadilisha. Nimeisema kauli hiyo kwa kinywa changu, na ninaiandika hapa ili msidhani ninahukumu wengine. Mzee akiambiwa hivyo kwa wiki tatu, anaacha kuomba. Kisha anaandikwa kwamba hawezi kuzuia haja.

Kwa hiyo mnapochagua kituo, msiulize kina wafanyakazi wangapi. Ulizeni ni wangapi wanaobaki saa nane usiku, na ni wangapi waliopo Jumapili, na kama mtu wa zamu akiugua nani anaziba pengo lake. Ulizeni pia makabidhiano ya zamu yanafanyikaje. Yakifanyika kando ya kitanda, mtu anayetoka na anayeingia wakimwangalia mgonjwa pamoja, mambo mengi huonekana. Yakifanyika mlangoni kwa dakika tatu huku mmoja ameshavaa koti, kidonda kitagunduliwa keshokutwa.

Kuhusu vidonda vya mgandamizo, vile vinavyotokana na kulala au kukaa upande mmoja, nitasema zaidi kidogo kwa sababu hapo ndipo malezi ya kituo yanapoonekana bila kuficha. Kipo kipimo kiitwacho Braden, cha mwaka 1987, kinachotazama hisia za ngozi, unyevu, shughuli, uwezo wa kujigeuza, lishe na msuguano. Alama zake ni kuanzia 6 hadi 23, na kadiri zinavyoshuka ndivyo hatari inavyopanda. Mgonjwa anapaswa kupimwa anapoingia, na kupimwa tena hali yake ikibadilika. Lakini familia haihitaji kipimo. Mvueni mzee soksi. Tazameni visigino, kisha mfupa wa juu ya makalio, kisha nyonga. Bonyezeni kwa kidole sehemu iliyobadilika rangi ikawa nyekundu: ikiwa rangi haififii mnapobonyeza, kidonda kimekwisha kuanza hata kama ngozi haijapasuka. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa, kwa hiyo pitisheni mgongo wa mkono na mlinganishe na ngozi ya jirani. Ikiwa pana joto zaidi, au ubaridi, au ugumu, au rangi ya zambarau, mwiteni muuguzi hapo hapo. Kisigino kinatakiwa kuelea, yaani mto unawekwa chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse godoro.

Na siri moja ya wenye kazi. Chati ya kumgeuza mgonjwa ikiwa na saa 4:00, saa 6:00, saa 8:00, saa 10:00, wino ule ule, mwandiko ule ule, alama zote zimelala upande mmoja, basi imejazwa kwa mpigo alfajiri. Chati ya kweli ni chafu: 4:10, 6:35, sahihi mbili tofauti, na mahali fulani pameandikwa "amekataa, tumerudi baada ya nusu saa".

Mwenye Shaka

Nawasoma kwa heshima, lakini nina wasiwasi kwamba uzi huu unaelekea kumfanya kila mzee awe mwanariadha. Mama yangu ana miaka 88, mapafu yake yamechoka, na hataki kufunga kifungo chochote. Anataka avalishwe, asukwe nywele, aketi juani. Je, naye asimamiwe dakika 22 kwa jina la utengamao? Kwangu mimi huo ungekuwa ukatili uliovaa koti jeupe.

La pili, Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika vituo vya malezi ya wazee, wafanyakazi wawili kati ya watatu wamekiri kutenda aina fulani ya unyanyasaji katika mwaka mmoja. Kabla ya kujadili vifungo, tungejadili hilo.

Zamu ya Usiku

Tunalijadili, ndugu yangu. Unyanyasaji unaohesabiwa humo si kipigo peke yake. Umo pia ule wa maneno na wa kumpuuza mtu, na yule mzee niliyemwambia ajisaidie kwenye nepi wakati miguu yake inaweza kufika msalani nisingesita kumhesabu. Ndiyo maana nilianza na idadi ya watu wa zamu. Wapo watu wabaya, nimewafahamu wawili watatu, na hao dawa yao ni kufukuzwa. Lakini mengi niliyoyaona yalitendwa na watu wema saa tisa usiku wakiwa hawajaketi tangu jioni.

Mwana wa Mwisho (mleta uzi)

Ndugu Mwenye Shaka, umenirekebisha na nimekubali. Nilisimulia habari za mtu aliyetaka kurudi nyumbani, nikaandika kana kwamba wote wanataka hilo. Mama akichagua kuvalishwa, kumvalisha ndiyo huduma bora. Ninachokihofia ni pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Baba hakuwahi kusema anataka kuvalishwa. Alivalishwa kwa sababu ilikuwa haraka, na baada ya wiki kadhaa ikaonekana kama ndivyo alivyo.

Mtaalamu wa Viungo

Naomba niingie hapa, kwa kuwa kazi yangu ni hiyo ya "saa ya mazoezi" iliyotajwa mwanzoni.

Nilipokuwa kijana katika taaluma niliamini kwamba mgonjwa hupona chumbani kwangu. Sasa naamini kwamba mimi ninaonyesha njia tu, na saa 23 zinazobaki ndizo zinazoamua. Kiungo kilichodhoofishwa na kiharusi hurudi kwa kurudiarudia tendo lenye maana, mara nyingi sana, na hakuna mtaalamu anayeweza kutoa marudio hayo kwa vipindi vitatu vya wiki. Safari ya kwenda msalani mara sita kwa siku ni mazoezi sita ya kusimama na kuketi. Kituo kinachompa mgonjwa nepi kwa sababu ya haraka kimefuta mazoezi hayo yote sita, halafu kinanilipa mimi nimfundishe kusimama.

Kwa hiyo swali ninalowashauri muulize mkitembelea kituo ni hili: je, mhudumu wa asubuhi anajua mtaalamu alimfundisha nini mgonjwa jana? Msimuulize mkuu wa kituo. Muulizeni mhudumu mwenyewe, kwenye korido, kwa adabu. Akiweza kusema "anasimama akihesabiwa hadi tatu, na tunamshika kiunoni, si kwapani", mmefika mahali sahihi. Akisema hilo ni la watu wa mazoezi, tabasamuni, shukuruni, endeleeni kutafuta.

Bega ndilo linaloniuma zaidi. Mkono uliopooza hauna misuli ya kuushikilia kwenye tundu lake, na mtu akimvuta mgonjwa kwa mkono huo ili kumwinua, au akimnyanyua kwa kumtia mikono kwapani, bega huteguka kidogo kidogo na kuleta maumivu yanayoweza kudumu kwa miezi. Nimewapokea wagonjwa ambao mguu wao ulikuwa tayari kutembea, ila bega liliuma kiasi kwamba hawakulala usiku na asubuhi hawakuwa na nguvu za mazoezi. Jeraha hilo halitokani na ugonjwa. Linatokana na mikono yetu. Mgonjwa akiwa ameketi, mkono huo uwekwe juu ya meza au mto, usiachwe ukining'inia pembeni ya kiti.

Mengine ni madogo lakini yanaonyesha kama watu wamefundishwa. Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande mzima, si upande wa mguu dhaifu. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu dhaifu hutangulia kushuka. Kiti cha magurudumu hufungwa breki pande zote mbili kabla mgonjwa hajainuka, na vikanyagio hukunjwa. Mkiona mgonjwa anainuliwa huku miguu yake ikiwa bado juu ya vikanyagio, mmeona mwanguko ambao bado haujatokea.

Halafu kumeza. Watu wengi waliopata kiharusi hupata shida ya kumeza, na chakula au mate yakiingia kwenye njia ya hewa huleta nimonia. Dalili si kukohoa tu. Wengine hawakohoi kabisa. Sikilizeni sauti baada ya mgonjwa kunywa maji: ikiwa kama ya mtu anayezungumza ndani ya maji, aonwe na mtaalamu wa kumeza kabla ya kuendelea kulishwa. Mgonjwa wa namna hii hula akiwa ameketi wima, hupewa kiasi kidogo kidogo, na hubaki ameketi kwa nusu saa hivi baada ya chakula. Simulizi ya baba kunyweshwa maji ilinitia hofu kuliko ile ya vifungo, nikwambie ukweli.

Binti Mlezi

Samahani kwa kuingilia, nimesoma uzi wote kimya kimya hadi nilipofika kwenye neno "mwanguko". Mama yangu ana dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na kuchanganyikiwa, na alipelekwa kwenye kituo baada ya kuvunjika nyonga. Upasuaji ulikwenda vizuri na alianza kutembea kwa fremu ya kushikilia. Mwezi huu nimemkuta mara mbili amefungwa kwenye kiti kwa shuka iliyopitishwa kiunoni na kukazwa nyuma ya kiti. Nikaambiwa ni kwa usalama wake, kwa kuwa anainuka ovyo na ataanguka tena. Jioni anapewa kidonge, na asubuhi analala hadi karibu adhuhuri. Uzito umepungua, alikuwa na kilo 58 mwezi uliopita, sasa ana kilo 54. Dada zangu wanasema nisiwaudhi wahudumu, wasije wakamlipizia mama. Nifanye nini?

Zamu ya Usiku

Binti yangu, pole sana, na umefanya vizuri kuuliza. Nianze na uzito, kwa sababu umeutaja mwishoni na ndio wenye haraka. Kupoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya mwezi mmoja huhesabiwa kuwa ni kupungua kukubwa, na mama amepita hapo: kilo 4 katika 58 ni karibu asilimia 7. Mtu anayelala hadi adhuhuri hukosa mlo wa asubuhi, na aliyelewa dawa hula mlo wa mchana nusu. Omba daktari amwone, na omba orodha kamili ya dawa zake, yenye jina la kila dawa, kiasi, saa na sababu. Ikiwa kidonge cha jioni ni kati ya dawa zinazotumika kwa magonjwa makubwa ya akili, fahamu kwamba tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imetoa onyo kali kuwa dawa hizo zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia. Hiyo haimaanishi kwamba hazitumiki kamwe. Inamaanisha kwamba lazima pawe na sababu iliyoandikwa, kiasi kidogo na tarehe ya kuangaliwa upya. Usimwachishe wewe mwenyewe. Nyingine zikikatwa ghafla huleta shida mpya.

Shuka sasa. Kumfunga mtu hakumzuii kuanguka kama watu wanavyodhani. Anayefungwa hujipinda, huteleza chini ya kifungo, huinuka pamoja na kiti, na misuli yake hulegea, kwa hiyo siku akifunguliwa huanguka vibaya zaidi. Vyuma vya pembeni mwa kitanda navyo vina shida hiyo hiyo: aliyedhamiria kutoka atavipanda juu, aanguke kutoka mahali pa juu zaidi. Marekani walitunga sheria mwaka 1987 inayompa mkazi wa nyumba ya uuguzi haki ya kutofungwa kwa ajili ya kumwadhibu au kwa ajili ya urahisi wa wafanyakazi. Mahali ulipo sheria inaweza kuwa na maneno mengine, lakini maswali ni yale yale. Nani aliamua afungwe? Kwa sababu gani? Wamejaribu nini kabla? Anafunguliwa kila baada ya muda gani? Omba majibu kwa maandishi.

Lakini swali langu kubwa kwako ni hili: anapoinuka, anakwenda wapi? Hakuna mtu anayeinuka "ovyo". Mwenye dimenshia huinuka kwa sababu ana mkojo, au amekaa sana na nyonga inamuuma, au tumbo limefunga siku nne, au anaona ni saa ya kwenda kuchukua watoto shule kama alivyofanya miaka 40 iliyopita. Maneno ya kueleza hana, miguu anayo. Na kama kuchanganyikiwa kwake kuliongezeka ghafla, ndani ya siku moja au mbili, hilo si dimenshia inayoendelea; huenda ni maambukizi, upungufu wa maji, dawa au choo kigumu, na linahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Kaa naye siku mbili na daftari. Andika saa anazoinuka na anakoelekea. Kisha nenda kwa muuguzi mkuu na daftari hilo, asubuhi, si wakati wa kubadilishana zamu, na umwambie: nimegundua hiki, tunaweza kujaribu nini pamoja? Mimi niliyekaa upande wa pili wa meza nakuhakikishia kwamba ndugu anayekuja na saa na tarehe hasikilizwi sawa na ndugu anayekuja na hasira, hata kama hasira yake ni ya haki. Kuhusu kulipiziwa, hofu ya dada zako ninaielewa, ila kwa uzoefu wangu mgonjwa anayepuuzwa zaidi ni yule ambaye ndugu zake hawaulizi kitu.

Mtaalamu wa Viungo

Naongeza moja tu kwa binti. Uliza kama viatu vyake ni vya kubana kisigino na soli isiyoteleza, au ni kandambili. Na uliza kama kitanda chake kinaweza kushushwa hadi chini kabisa usiku. Mambo haya mawili hayahitaji ruhusa ya mtu yeyote.

Mwenye Shaka

Nimesoma jibu la muuguzi mara mbili. Kesho nitakwenda kumvua mama soksi.

Mwana wa Mwisho (mleta uzi)

Kwa walioniuliza faraghani hali ya mzee: baada ya miezi mitatu katika kituo cha pili alipimwa tena akapata 70. Alama 70 si kupona. Ngazi hawezi, kuoga anasaidiwa, na mkono wa kulia umebaki wa kushikia karatasi isiruke tu. Wataalamu walituambia mapema kwamba hata mwenye 100 katika kipimo hicho si lazima aweze kuishi peke yake, kwa kuwa hakiulizi habari za kupika wala kutunza fedha, na nilithamini sana kuambiwa hivyo badala ya kupewa matumaini ya bure. Msalani anakwenda mwenyewe kwa fimbo. Shati lake sasa ni dakika 6, na kifungo cha shingoni anakiacha wazi kwa makusudi. Anasema hakuwahi kukipenda.

Kituo cha kwanza niliwaandikia barua. Sikuwatukana. Nilieleza siku ile moja niliyokaa kuanzia alfajiri, jambo kwa jambo, pamoja na saa. Walijibu kwa heshima kwamba baba alikuwa miongoni mwa wagonjwa waliopendwa sana na wafanyakazi, na hilo nina hakika ni kweli.

Binti Mlezi

Narudi baada ya siku tisa, kama nilivyoahidi kwa muuguzi.

Nilikaa na daftari. Mama aliinuka mara 11 kwa siku mbili, na mara nane kati ya hizo alielekea mlango wa kushoto wa ukumbi. Nilidhani anataka kutoka nje. Siku ya pili nilimwacha aende, nikamfuata nyuma na fremu yake, akafungua mlango ule akasimama akitazama ndani: ni stoo ya mashuka. Nyumbani kwetu, mlango wa kushoto ukitoka sebuleni ni wa choo.

Muuguzi mkuu aliposoma daftari alinyamaza kidogo, kisha akamwita mhudumu wa zamu naye akalisoma. Kiti cha mama kimehamishiwa upande wa pili wa ukumbi, mlango wa choo ukiwa kushoto kwake, na anapelekwa kabla ya zile saa nilizoandika. Shuka imeondolewa tangu Jumanne. Dawa ya jioni daktari ameipunguza nusu, na tutakutana tena tarehe 20 kuijadili. Uzito hatujapima bado. Wamesema Ijumaa, na nitakuwapo.